Tope Halisubiri, Rangi Inasubiri

Kila maji yanapoingia majumbani Dar es Salaam, shauri linalotolewa ni lilelile, na hutolewa kwa upole na watu wazima wenye heshima zao: iacheni nyumba ikauke kwanza. Funga mlango, nenda ukajihifadhi kwa ndugu, jua likitoka litafanya kazi yake, kisha ulete fundi apige rangi. Shauri hilo linasikika Kigogo, Jangwani, Tandale na hata kwenye nyumba za ukuta mrefu kule Mbezi. Wenye nyumba wanaliamini, mafundi wanalirudia, madalali wanalishangilia, na wapangaji hawana pa kulikatalia. Mimi nasema ni shauri baya. Linaendeleza uharibifu ambao maji yameuanza tu, na wanaolifuata hulipa gharama yake kwa miaka, mara nyingi bila kujua wanalipia nini.

Ubaya wake ni kwamba linapindua ratiba yote. Linatuambia tungoje pale ambapo hakuna muda wa kungoja, yaani kwenye kutoa maji, tope na vitu vilivyolowa. Halafu linatusukuma tuharakishe pale panapotaka subira ndefu, yaani kwenye plasta na rangi. Nyumba iliyoingia maji Jumatatu inaachwa na tope lake hadi Jumapili, lakini kabla mwezi haujaisha tayari ina rangi mpya na tangazo la kupangisha. Ingekuwa kinyume chake, nyumba nyingi zingepona.

Na hatuzungumzii ajali ya mara moja katika kizazi. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 katika jiji hili, na baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande. Mafuriko yakarudi Aprili 2014, yakarudi Aprili 2018, yakarudi Oktoba 2020. Masika ya 2024 yaliizamisha Rufiji na Kibiti, na huko Kenya maji yakapita katikati ya Mathare na kuingia majumbani Athi River. Jambo linalojirudia kiasi hicho lilipaswa kuwa limetufundisha utaratibu. Badala yake limetufundisha kuzoea.

Nianze na jua, kwa sababu ndilo tegemeo kuu la wanaosema tungoje. Jua wanalolifikiria ni la Januari na Februari, wakati kaskazi inavuma na ardhi inapasuka. Lakini mafuriko mengi ya pwani huja katikati ya masika, na baada ya siku ya mafuriko kunakuwa bado na wiki kadhaa za mvua mbele. Hewa ya siku hizo imeshiba maji. Shati lililoanikwa barazani asubuhi huingizwa ndani jioni likiwa bado na unyevu. Kama shati la pamba linashindwa kukauka kwa siku nzima, ukuta wa tofali la nchi sita uliokunywa maji usiku kucha utakaushwa na nini?

Hata siku jua linapotoka, linapiga bati na ukuta wa nje. Halifiki chumba cha katikati chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na nyumba zetu za kupanga zimejaa vyumba vya namna hiyo. Kinachokausha chumba ni hewa inayopita: inaingia kavu kidogo, inatoka na unyevu, inafuatwa na nyingine. Kwa hiyo mlango uliofungwa ni adui wa ukuta. Joto likiingia katika chumba kilichofungwa chenye sakafu mbichi na godoro lililolowa, unyevu huacha sakafu na kupanda darini, kwenye kabati, kwenye nguo zilizookolewa na kuwekwa juu. Watu wanashangaa kwa nini maji yalifika magotini tu lakini kuvu imeota hadi kwenye pembe za dari. Maji yenyewe hayakufika huko. Unyevu wake ndio uliopandishwa na mlango uliofungwa.

Kuvu haihitaji muda mrefu. Kwenye mbao, karatasi, kitambaa au ubao wa jipsamu uliolowa, inaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48. Nasisitiza hesabu hiyo kwa sababu ndiyo inayoivunja hoja nzima ya kungoja: anayeamua kurudi baada ya wiki ameshachelewa mara tatu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likionyesha uhusiano wake na pumu, kikohozi, kubanwa kifua na maradhi mengine ya njia ya hewa. Wanaoumia zaidi ni watoto na wazee, yaani walewale wanaolala chini na wanaokaa ndani mchana kutwa. Mama anayempeleka mtoto zahanati kila mwezi kwa kifua kisichopona haulizwi kama chumba anacholala kiliwahi kuingia maji. Angeulizwa, pengine fedha za dawa zingeanza kutumika mahali pake.

Tuje kwenye tope. Hapa wanaosema tungoje wamekosea hata katika kazi ya mikono, ambayo wangepaswa kuielewa vizuri zaidi. Tope likiwa bichi linatoka. Chepe, ndoo, fagio gumu na maji safi, watu wanne wanaweza kumaliza vyumba viwili kwa siku. Likiachwa likauke linashika kama plasta ya pili: linaziba mifereji ya bafu, linajaa kwenye bawaba za milango, linaingia kwenye soketi na kukaa. Kinachobaki kinageuka vumbi, na vumbi hilo watu wanalivuta kwa miezi.

Na tope lenyewe si udongo mtupu. Kila mkazi wa jiji hili anajua kinachotokea mvua kubwa zikinyesha, ingawa hatupendi kukitaja. Wengi wetu tunatumia vyoo vya shimo na makaro. Mabomba ya majitaka yanafikia sehemu ndogo tu ya nyumba. Wapo wanaongoja mvua ili watapishe vyoo vyao, uchafu uchukuliwe bure na maji. Uchafu huo hauendi baharini moja kwa moja. Unapita sebuleni kwa mtu. Kwa hiyo kilicholala sakafuni baada ya mafuriko ya Dar ni majitaka, na ndivyo kinavyopaswa kushughulikiwa: viatu vya mvua, glavu, watoto wakae mbali. Ndiyo njia ya kipindupindu na ya homa ya matumbo. Tuliposikia habari za homa ya mgunda kule Lindi mwaka 2022, wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba kuna vimelea vinavyotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, vinavyoishi kwenye maji na udongo mbichi na kuingia mwilini kupitia mchubuko mdogo wa mguu. Tope linaloachwa ndani ya nyumba wiki nzima ni makao mazuri kwa vimelea hivyo.

Kuna wanaodhani dawa itafidia uchelewaji. Wanarudi baada ya siku kadhaa, wanamwaga klorini juu ya tope, harufu ya dawa inajaa, na wanaridhika kwamba wamesafisha. Klorini huliwa na uchafu. Ikikutana na tope inaishia kwenye tope kabla haijafika sakafuni. Kwanza toa tope, kisha sugua kwa maji na sabuni, suuza, ndipo upake klorini juu ya kitu kilicho safi machoni na uiache ikae kabla ya kuisuuza. Na isichanganywe kamwe na dawa nyingine za choo, hasa zenye tindikali, kwani hutoa gesi inayoweza kuua ndani ya chumba kidogo. Tenki la maji lililochimbwa chini na kisima cha uani navyo vimeingiliwa. Vimwagwe, visuguliwe, vitiwe dawa, kabla mtu hajateka hata ndoo moja ya kupikia.

Sasa nije kwenye rangi, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapotupwa, na hapa ndipo nina ugomvi hasa na wenye nyumba.

Tofali la saruji lina vinyweleo. Linanyonya maji, na maji yakiwa ndani hupanda. Alama iliyoachwa na mafuriko ukutani inaweza kuwa chini ya mahali unyevu ulipofika siku chache baadaye. Plasta inanyonya pia. Ukuta huo unaweza kuonekana mkavu kwa nje huku ndani yake bado kuna maji mengi. Wajenzi wa Uingereza, ambao nyumba zao za mawe na matofali zimezoea unyevu, wana kadirio la zamani: mwezi mmoja kwa kila nchi moja ya unene wa ukuta. Hali yetu ya joto si yao, na ukuta unaokauka kwa pande zote mbili huenda haraka zaidi, lakini hata tukilipunguza kadirio hilo kwa nusu, ukuta wa nchi sita unahitaji miezi mitatu. Mwenye nyumba anaupa wiki tatu.

Anapoupaka rangi kabla ya wakati, anauwekea mfuniko. Maji yaliyomo yanatafuta pa kutokea na kusukuma. Yanakuja na chumvi iliyokuwa kwenye mchanga, kwenye saruji na kwenye tope, na chumvi hiyo inaganda nyuma ya rangi kama unga mweupe. Rangi inaanza kuvimba, kisha kubanduka kama magamba kuanzia chini. Fundi anaitwa, anakwangua, anapaka tena putti, anapaka tena rangi. Mwaka unaofuata vilevile. Nimeona nyumba ambazo kimo cha mita moja kutoka sakafuni hakijawahi kushika rangi tangu mafuriko yalipoziingia, na mwenyewe anailaumu kampuni ya rangi, analaumu fundi, analaumu bahari. Hajawahi kuilaumu haraka yake.

Wakati huohuo nondo zilizo kwenye nguzo na kwenye mkanda wa chini zinakaa ndani ya zege lenye unyevu wa kudumu. Pwani yetu ina mazoea mabaya ya kujengea mchanga wenye chumvi, na chumvi na maji ndivyo vinavyoamsha kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo inapanuka na kulipasua zege kutoka ndani. Ufa unaoonekana miaka kadhaa baadaye kwenye pembe ya nguzo hakuna anayekumbuka kwamba mama yake ni ukuta uliofunikwa kwa rangi ukiwa mbichi.

Kwa wale wanaoona hii ni nadharia, Mji Mkongwe wa Zanzibar ni ushahidi wa karne nzima. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, juu yake boriti za mikoko. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, ukuta unapumua. Yalipokuja mazoea ya kuziba kuta hizo kwa plasta ya saruji, ili zionekane imara na safi, maji yalikwama ndani, yakapanda juu zaidi, yakaozesha ncha za boriti ndani ya ukuta. Jumba la Beit al-Ajaib mjini humo, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 huku kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na wafanyakazi wakapoteza maisha. Mafuriko hayakuhusika, na jengo lenye umri huo halianguki kwa sababu moja. Lakini ukarabati ulilifikia likiwa limeshachoka kwa miaka mingi, na hilo ndilo linaloihusu mada yetu: ukuta unaoachwa na maji yake haukungoji uwe tayari.

Kujua kama ukuta umekauka hakuhitaji mtaalamu. Chukua kipande cha nailoni angavu, upana wa mikono miwili, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kikae siku nzima. Ukikuta matone ya maji upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji, rangi ingoje. Rudia kila wiki mbili. Gharama yake haifiki hata bei ya soda. Mwenye nyumba anayedai hana fedha za kukarabati lakini anapaka rangi mara tatu katika miaka mitatu, fedha anazo. Anazitumia kwa mpangilio mbaya.

Hapo kuna mtu atanijibu kwa hoja nzito kuliko zote, nami naiheshimu. Atasema: kwa nini nihangaike kukausha na kusafisha haraka, wakati masika ijayo maji yatarudi palepale? Mkazi wa bondeni ambaye ameona maji mara tano hana ujinga anapouliza hivyo. Anapiga hesabu.

Kwa baadhi ya maeneo amepiga hesabu sahihi. Kule Gatumba, karibu na Bujumbura, mto Rusizi na Ziwa Tanganyika vimekuwa vikiingia majumbani tangu 2020, na zipo nyumba ambazo maji hayakuondoka kwa miezi. Hapo kumwambia mtu akaushe ukuta ni kumdhihaki. Katika bonde la Msimbazi, mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia umewalipa watu fidia wahame, na kwa nyumba zilizo ndani ya eneo hilo hakuna maana ya kupiga plasta mpya. Mahali ambapo jibu ni kuhama, mtu ahame, na asaidiwe kuhama kwa heshima.

Lakini nyumba nyingi zinazoingia maji katika jiji hili hazimo bondeni. Ziko Sinza, Mikocheni, Tabata, Mbagala, mahali ambapo mtaro umezibwa na chupa za plastiki au jirani amejaza kifusi kwenye njia ya maji. Wenye nyumba hizo hawahami mwaka huu wala mwaka ujao. Wanaishi humo, watoto wao wanalala humo, na kodi inakusanywa humo. Kwao, kusema maji yatarudi ni hoja ya kufanya kazi haraka zaidi, kwa sababu ukuta unaofikiwa na mafuriko ya pili ukiwa bado na maji ya mafuriko ya kwanza hauna nafasi tena ya kunyonya na kutoa, unaanza kumomonyoka. Na hata anayejiandaa kuhama, miezi anayongoja fidia anaipitisha wapi? Ndani ya nyumba ileile. Kuondoa tope na kufungua madirisha siku ya kwanza hakumfungi mtu kubaki pale maisha yake yote. Kunamlinda kifua kwa muda atakaokuwepo.

Zaidi ya hapo, anayejua kwamba maji yatarudi anapaswa kuutumia wakati wa kukarabati kubadilisha nyumba, na hilo linafanyika kwa urahisi zaidi wakati kila kitu kimeshatolewa. Soketi zipandishwe kutoka karibu na sakafu hadi usawa wa bega. Kabati la jikoni la mbao za kubandika, ambalo huvimba na kusambaratika likilowa mara moja tu, libadilishwe na mashubaka ya zege. Sakafu iwe ya saruji laini au marumaru, isiwe zulia la kugundisha. Kizingiti cha mlango kiinuliwe. Anayepaka rangi juu ya uharibifu na kurudisha kila kitu palepale ndiye anayetupa fedha.

Hoja nyingine ni ya kungoja msaada: tusiguse kitu hadi serikali ije ione, hadi mwenyekiti wa mtaa aandike, hadi mtu wa bima afike. Naielewa hofu hiyo. Watu wanaogopa kwamba wakisafisha watakuwa wamefuta ushahidi. Ushahidi unahifadhiwa kwa simu. Piga picha alama ya maji ukutani, piga picha kila chumba, kila kifaa na namba yake, piga picha ya tope kabla ya chepe la kwanza, andika tarehe, mwite mjumbe au jirani awe shahidi. Halafu anza kazi siku hiyohiyo. Kwa wachache wenye bima, kungoja kunaweza kuwagharimu madai yao: hati nyingi za bima ya mali zinamtaka mwenye mali atoe taarifa mapema na achukue hatua za maana za kuzuia hasara isikue. Mkaguzi akikuta dari la jipsamu limeanguka siku ya kumi kwa sababu maji hayakutolewa siku ya kwanza, ana haki ya kuuliza hasara ipi ni ya mafuriko na ipi ni ya uzembe. Na wengi watagundua wakati huo kwamba bima yao ya moto haikuwa na kifungu cha mafuriko kabisa. Isomeni leo, wakati nyumba ni kavu.

Wapo pia wanaosema haya ni mambo ya nchi tajiri, za watu wenye mashine za kunyonya unyevu na kampuni za kuja na magari. Ukweli uko kinyume. Kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans Agosti 2005, watu walizuiliwa kurudi kwa wiki kadhaa huku maji yakiwa yametuama katika joto kali. Waliporudi walikuta kuvu imefunika kuta, na nyumba nyingi ilibidi zivuliwe hadi mifupa yake ya mbao, kwa sababu kuta zake za ndani ni jipsamu na sufu ya kuzuia baridi. Mashine zote za Marekani hazikuweza kuufidia muda ule uliopotea. Nyumba yetu ya tofali na sakafu ya saruji ina bahati ambayo ile haikuwa nayo: ikisafishwa mapema na kupitishiwa hewa, karibu yote inaokoka. Kinachohitajika katika siku mbili za kwanza ni mikono, chepe, maji safi, madirisha wazi, na feni ikiwa umeme umethibitishwa kuwa salama. Tunayo mikono. Majirani wanaokesha pamoja msibani na kuchangiana harusi wanaweza kutoa tope katika nyumba kumi kwa siku tatu, wakipangwa.

Kuna pahali ambapo haraka inaua, nami nisingependa mtu aniambie nilimsukuma huko. Usiingie kwenye chumba chenye maji kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu, na kama swichi yenyewe iko majini au imezungukwa na maji, usiifuate. Waite watu wa umeme wakate kutoka kwenye nguzo. Breka na soketi zilizozama hazikaushwi kwa mashine ya kukaushia nywele na kurudishwa; zinabadilishwa, na fundi umeme apime nyaya kabla ya kuwasha. Mwenye jengo lenye ghorofa ya chini ya ardhi asinyonye maji yote kwa mara moja wakati udongo wa nje bado umeshiba. Maji ya nje yanasukuma ukuta, na ukuta uliopoteza mhimili wa ndani unaweza kuingia ndani. Apunguze kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Nyumba ya udongo iliyopata nyufa au kuinama ikaguliwe kwanza kutoka nje. Na milango ya mninga au mvule isitupwe juani kama watu wanavyofanya. Jua kali huipinda. Ikaushwe kivulini, imelazwa juu ya vipande vya mbao, hewa ipite juu na chini.

Godoro ni suala chungu. Godoro la sponji lililonyonya majitaka halisafishiki, na watu wanalijua hilo wanapolianika juu ya bati, kwani hawana jingine. Sitawahubiria. Nitasema tu kwamba misaada inayoletwa baada ya mafuriko ingeanza na magodoro na klorini kabla ya fulana zenye maandishi, na kwamba vikoba vya mtaani vingefanya jambo kubwa vikitenga mfuko mdogo wa kukodi pampu na kununua machepe kabla ya Machi.

Kilichobaki ni mwenye nyumba wa kupangisha. Yeye amepokea kodi ya miezi sita mbele, wakati mwingine ya mwaka, na mafuriko yakija anakaa mbali na kutuma ujumbe kwamba wapangaji wawe wavumilivu hadi pakauke. Wapangaji wanatoa tope kwa mikono yao, wanapoteza vitu vyao, wanalala wiki kadhaa kwenye unyevu wake. Yeye anajitokeza na ndoo ya rangi kodi inapokaribia kwisha, na dalali analeta mpangaji mpya ambaye haambiwi lolote. Huyo mpangaji mpya ndiye atakayeanza kukohoa.

Ninachokitaka ni mikataba yetu ya nyumba, ambayo mingi ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe, iongezewe mistari mitatu. Kwamba maji yakiingia, mwenye nyumba au mtu wake afike ndani ya saa 48 na vifaa vya kutoa tope. Kwamba mpangaji mpya aambiwe kama nyumba iliwahi kufurika na lini, na aonyeshwe alama. Kwamba siku ambazo chumba hakikaliki zisihesabiwe katika kodi iliyokwisha kulipwa, bali zisogezwe mbele. Mstari wa tatu ndio utakaopingwa zaidi, na ndio ninaousimamia kuliko mingine, kwa sababu hadi sasa kila siku ya tope inalipiwa na mpangaji peke yake. Gharama hiyo ikihamia kwa mwenye ukuta, hatutasikia tena habari za kungoja jua.